Bakuli la Susu na Ule Mchezo wa Pili

Harufu ya katani mbichi ikichanganyika na ya mashine iliyopata moto hainijii mara nyingi siku hizi. Mwezi uliopita ilinikuta Kitui, ndani ya duka la kutengeneza simu. Mama mmoja alikuwa ametua mzigo wake wa viondo, vile vikapu vya katani, mlangoni apumzike, na ndani kijana mwenye duka alikuwa akichokonoa simu yangu huku kompyuta yake kuukuu ikivuma kama kinu cha posho. Rafiki yake alikaa kwenye benchi akila njugu. Walikuwa wakibishana kuhusu mchezo wa kompyuta, ule wa mapanga na uchawi ambamo unaachiwa nchi nzima utembee unavyotaka. Umetoka mara nyingi, mmoja baada ya mwingine, na hao wawili walikuwa wakiupanga kuanzia ulio bora hadi ulio mbovu.

"Ya kwanza ni ya wazee," alisema yule wa benchi. "Unatembea mpaka unachoka. Ya pili ndiyo walijua kutengeneza mchezo."

Nimeishi kwa kuhamahama. Nimeuza vitunguu Emali, nimewapikia madereva wa malori Mtito Andei, nimefua nguo za wageni Voi, na mtu wa namna hiyo huzoea kunyamaza na kusikiliza ya watu. Lakini niliposikia ya pili ikisifiwa, damu ilinipanda. Nikamwambia kwamba ya pili ni takataka.

Waligeuka wote wawili wakanitazama, mama mzima mwenye leso kiunoni na mfuko wa ndengu miguuni.

"Anti, kwani wewe uliicheza?"

Nikasema niliicheza kabla yeye hajazaliwa, na kwamba ilinikosanisha na dada yangu mpaka leo. Wakacheka sana. Walidhani ni mzaha.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi kompyuta zilivyokuwa zikiheshimiwa zilipofika kwetu. Ile niliyoijua mimi ilikaa huko huko Kitui nilikolelewa, katika ofisi ya chama cha wanawake wafumaji wa viondo, chumba kimoja nyuma ya ghala, na ilifunikwa kitambaa cha kushonwa maua kama kochi la wageni. Wazungu walionunua viondo ndio walioileta ili karani achape hesabu za mizigo. Karani tulimwita Bwana Mulwa. Kabla ya kuigusa alipuliza vumbi la katani kutoka kwenye vitufe, akajifuta mikono kwenye suruali, ndipo akaiwasha, na chumba kizima kikanyamaza. Kijana wa kizungu aliyekuja kumfundisha aliporudi kwao aliacha mchezo humo ndani, na Bwana Mulwa hakujua wa nini. Sisi ndio tulioujua.

Sisi maana yake ni mimi na Kasyoka. Kasyoka ni binti wa mama yangu mdogo, na kwetu huyo haitwi kingine, ni dada. Yeye alikuwa amemaliza shule ya msingi na kusoma Kiingereza hakukumpa taabu. Mimi nilikuwa nimeachia darasa la sita kwa sababu sikuweza kukaa kitako, na nilitaka kujua kila mlango unaelekea wapi. Mama zetu walipokuwa wakipanga viondo kwa ukubwa, sisi tulikaa kwenye kiti kimoja, nusu makalio kila mtu, yeye akisoma na mimi nikitembea.

Ya kwanza haikuwa nzuri kwa macho, hilo nakubali. Sura za watu zilikuwa kama zimechongwa na fundi mwenye haraka, na mvua ilikuwa mistari tu. Lakini ilikuwa nchi. Ukitaka kwenda mahali ulimuuliza mtu, naye alikuelekeza hasa kama watu wa Mbooni wanavyoelekeza: shuka na mto mpaka uone mti uliokauka, panda upande wa jua linakotua, ukifika kwenye mawe mawili umepita, rudi. Tukapotea. Giza lilipoingia lilikuwa giza kweli, tukasimama karibu na ukuta wa mtu tukingoja kupambazuke. Nyumba zote ziliingilika. Mimi niliamini kabisa kwamba nchi ile iliendelea kuishi kompyuta ikizimwa, kwa hiyo kabla ya kuondoka nilikimbia kufunga zizi la mbuzi wa mtu fulani wasije wakatawanyika wiki nzima. Kasyoka hakunicheka. Aliningoja nifunge.

Mwanzoni kabisa mwa mchezo, mtu wako anaamka akiwa mgonjwa, na bibi kizee mwenye nyumba ya mlango wa kijani anampa supu. Unakunywa, unapona, na bakuli linabaki kwenye mzigo wako. Nadhani wachezaji wengine wote duniani walilitupa au walikwenda kuliuza. Kasyoka alilitazama akasema, "Hili ni la Susu. Turudishe." Susu ni nyanya, na tangu siku hiyo bibi yule hakuwa na jina lingine. Tukageuka kurudi, halafu tukasimama mlangoni, kwa sababu kila mtoto aliyelelewa kwetu anajua kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Aliyekupa maziwa unamrudishia kibuyu na mahindi ndani, hata kama ni kiganja kimoja. Chombo kitupu ni tusi, ni kama kusema mambo yetu yameishia hapa. Basi tulizunguka kijiji kizima tukatafuta matofaa mawili, tukayaweka kwenye bakuli, tukaliweka mezani pake.  Tulipokuja tena matofaa yalikuwa palepale, nami nikamweleza Kasyoka kwamba Susu anawawekea wageni.

Halafu mama zetu wakagombana. Ilikuwa juu ya shamba la babu kule Mbooni, ule upande wa chini wenye miparachichi, na maneno yenyewe sikuyasikia isipokuwa kupitia ukutani. Nililoliona ni kwamba mama alianza kupeleka viondo vyake Jumamosi, na mama mdogo, ambaye alikuwa ameolewa Kasikeu, alileta vya wanawake wa kule Jumanne, ili dada hao wawili wasionane hata uso. Nikakatazwa kumtumia Kasyoka salamu. Bwana Mulwa naye tusingeweza kumtuma, kwa kuwa yeye kila alilosikia lilifika kwa wafumaji wote kabla ya chai ya saa nne.

Lakini mchezo ulikuwa mmoja, na uliendelea kutoka pale mtu wa mwisho alipouacha. Jumamosi ya kwanza niliyokaa peke yangu kwenye kile kiti nilikwenda moja kwa moja kwa Susu. Matofaa hayakuwemo kwenye bakuli. Palikuwa na mshumaa.

Sikuwahi kupata zawadi iliyonifurahisha kuliko ule mshumaa ambao haukushikika kwa mkono. Nilitazama huku na huku kuona kama mama ameona. Nikauchukua, nikaenda mtoni nikavua samaki, nikamweka bakulini. Jumamosi iliyofuata samaki hakuwepo na palikuwa na ua la buluu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na dada yangu, kwa miezi na miezi. Akiweka uyoga nilijua ametembea msituni. Alipoweka ufunguo nilitumia Jumamosi nzima kutafuta mlango wake, na nilipoupata, juu ya paa la mnara, kulikuwa na mkate aliouacha hapo unisubiri. Mama alisema mchezo ule umenipumbaza.  Mlango pekee uliobaki kati ya nyumba yake na nyumba ya dada yake ulikuwa bakuli lile, naye hakujua ni nani anayeupita.

Sasa nifike kwenye ile ya pili, na nitaisema kama ilivyo.

Ilikuja ndani ya kifurushi cha barua kutoka kwa yule kijana wa kizungu. Bwana Mulwa, ambaye hajawahi kupiga hatua hata moja katika nchi ile, aliiweka kwenye mashine siku ambayo hapakuwa na mtu wa kumzuia. Mashine haikuwa na nafasi ya zote mbili, kwa hiyo ya kwanza akaifuta. Nilipofika Jumamosi alikuwa amesimama kando ya kompyuta kama mtu aliyejenga kanisa.

"Nimewatolea ile ya kitoto," akasema. "Hii ni mpya. Tazama uso wa mtu, unaona mpaka nyusi."

Nikamuuliza vitu vyetu viko wapi. Akauliza vitu gani. Sikuwa na la kumwambia, maana kumwambia kungekuwa kumwambia mama.

Nitakuwa mkweli: kwa nusu saa ilinidanganya. Nyusi zilikuwepo. Mvua ililowesha mawe. Palikuwa na farasi. Chini ya kioo palikuwa na mshale, na huo mshale ulikuonyesha njia, kwa hiyo hukuwa na haja ya kuuliza mtu, na hao watu nao, walipoona huwaulizi, walikuwa na sentensi moja tu ya kukwambia, leo na kesho. Milango mingi ilichorwa tu, haifunguki. Nilizunguka na yule farasi nikajiona kama mtu anayepelekwa na gari mahali ambapo zamani alikwenda kwa miguu na kusalimia. Ilikuwa nchi ileile, wanasema miaka ilikuwa imepita, na mto ulikuwa umehamishwa kidogo. Lakini nilipofika ukingoni mwa kijiji niliona mlango wa kijani. Ndani hapakuwa na Susu. Palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na bakuli.

Nilijua Kasyoka atalitafuta kama nilivyolitafuta. Nikaweka matofaa mawili, kama siku ile ya kwanza, ajue ni mimi.

Jumamosi iliyofuata bakuli lilikuwa tupu.

Nilidhani amekosa muda wa kutafuta kitu. Nikaweka samaki. Jumamosi nyingine nikakuta tupu. Nikaweka ua la buluu, ambalo katika nchi mpya lilipatikana juu mlimani tu. Likachukuliwa, na bakuli likaachwa wazi mezani kama kinywa cha mtu anayekucheka. Mwisho nikaingia ndani ya pango ambalo Jumamosi kadhaa lilikuwa limenishinda, nikatoka na pete ya fedha, nikaiweka pale. Nilijiambia, hii hawezi kuichukua bure. Pete nayo ikaenda, na hakuna lililorudi, hata kokwa.

Mtoto hana njia nyingi za kuelewa jambo kama hilo. Mimi nilikuwa na moja tu. Kitu kilikuwa mezani na sasa hakipo, na mtu pekee aliyeijua nyumba ile ni dada yangu. Kwa hiyo anakuja kila Jumanne, anakula vyangu, ananirudishia chombo kitupu. Nilifikiri labda Kasikeu wamemfundisha. Nilifikiri labda amepata rafiki mwingine, na wanakaa wote wawili kwenye kile kiti wakinicheka. Nililia njiani tukirudi nyumbani, na mama aliponiuliza sana nikamwambia yote: mshumaa, samaki, pete.

Nilitegemea anichape kwa kuvunja amri yake. Badala yake alipunguza mwendo, akahamisha kiondo kutoka bega moja hadi jingine.

"Umeona, Ndinda?" akasema. "Hata mama yake ni hivyohivyo. Wewe unapeleka, yeye anameza."

Alisema kwa utulivu, karibu kwa furaha. Alikuwa amengoja muda mrefu mtu wa kumuunga mkono, na mtu huyo akawa mimi. Hilo bado linanichoma. Mama aliupata ushahidi wake wa shamba la Mbooni ndani ya mchezo wa kompyuta, na mimi ndiye niliyempelekea. Sikukaa tena kwenye kile kiti.

Tulipokutana ana kwa ana ilikuwa kwenye mazishi ya nyanya yetu, Susu wa kweli, kule Mbooni. Wanawake walikuwa wakipika, na mimi na Kasyoka tulitumwa kuteka maji kwa njia tofauti tukafika mferejini pamoja. Alikuwa amerefuka. Aliinamia ndoo yake, akaniuliza bila kuniangalia, "Umeshiba?"

Nikaona huu ni ujeuri usio na mfano. Nikamjibu kwamba aliyekula ni yeye. Akanyanyua kichwa, na uso wake ulikuwa na hasira kama ya mtu aliyeibiwa na bado akaitwa mwizi. Nilidhani anaigiza. Alijitwika ndoo akapanda ile njia ya mawe haraka, maji yakimmwagikia mgongoni, na kutoka hapo tulisalimiana kwenye mazishi na harusi tu, kwa mkono, bila vidole kukaza. Mama alikufa akiwa hajaongea na dada yake. Mimi nikaanza kuzurura, na kila mji niliokaa nilikuwa na marafiki, na hakuna hata mmoja niliyemwachia chombo changu.

Basi rudi nami kwenye duka la simu. Wale vijana walipomaliza kucheka, yule mwenye duka, ambaye hakuwa amesema mengi, alipuliza waya aliokuwa akiuchoma akamwambia mwenzake:

"Anti ana haki lakini. Ya pili ilikuwa na ule ujinga wa vitu. Ukiweka kitu kwa nyumba ya mtu, zikipita siku tatu za huko ndani, ambazo si muda mrefu huku nje, kinafutwa. Nyumba inajisafisha. Ya kwanza haikuwa hivyo."

Yule wa benchi akasema ni kweli, yeye mwenyewe alipoteza ngao nzuri hivyo, lakini si jambo kubwa, unajua tu usiache vitu.

Nikamwomba mwenye duka arudie. Akarudia polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa. Hakuna mtu anayevichukua, akasema. Hakuna mtu kabisa. Ni mchezo wenyewe. Walifanya hivyo ili mashine isichoke.

Ili mashine isichoke. Nilisimama pale nikashika meza yake ya kioo. Ninataka kumjua aliyekaa chini, na chai yake na kiti chake kizuri, akaamua kwamba mtu akiacha kitu nyumbani mwa mwenzake kifutwe, na asiandike mahali popote, asimwambie hata mtoto. Aliweka nyusi. Aliweka farasi na mshale. Alikuwa na nafasi ya mvua inayolowesha mawe, na hakuwa na nafasi ya matofaa mawili. Wanauliza mchezo upi una nchi kubwa zaidi. Mimi nauliza nchi gani hiyo ambamo huwezi kumwachia mtu chakula. Nililipia simu yangu na kutoka, na yule wa benchi akanifuata kwa macho, njugu mkononi, bila kucheka tena.

Kesho yake nilikwenda Kasikeu. Kasyoka ana kibanda cha kushona karibu na soko, na nyumba yake iko nyuma ya kibanda. Nilikuwa nimenunua bakuli la udongo, nikalijaza maembe. Alinikuta nimesimama mlangoni, akatazama bakuli kabla ya kunitazama mimi, na nikajua kwamba hakuwa amesahau lolote. Hakunikaribisha kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maneno yakigongana, siku tatu, nyumba inajisafisha, hakuna mtu. Alikuwa na sindano mdomoni na hakuitoa mpaka nilipomaliza.

"Niliweka pete," akasema. "Niliingia pangoni nikaweka pete."

"Na mimi niliweka pete."

"Nilikuwa nalikuta tupu kila Jumanne. Nikasema Ndinda amenigeuka." Aliichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake. "Kwa hiyo sisi tumekosana maisha yote kwa sababu ya kompyuta?"

Nikasema si kompyuta, ni ile ya pili.

Hakucheka. Alisema kwamba mama yake naye alikufa akisema watu wa Kitui wanameza tu, na kwamba yeye ndiye aliyempelekea habari ya bakuli. Kisha akanipokonya bakuli mkononi kwa nguvu kidogo, kama mtu anayechukua kilicho chake, akaingia nalo ndani akaniacha uani na kuku.

Alikaa huko muda mrefu. Nilisikia maembe yakimwagwa kwenye karai, halafu maji yakimiminwa. Nilisimama palepale. Nimelala kwenye vituo vya malori, nimefukuzwa vyumba katikati ya mvua, lakini sikumbuki kama nimewahi kuogopa mlango kama nilivyouogopa ule. Bakuli lilikuwa la kwake sasa, na angeweza kulirudisha vyovyote alivyotaka.

Alitoka akilishika kwa mikono miwili kwa leso, limefunikwa sahani. Aliniwekea mikononi. Sikufunua. Lilikuwa zito, na lilikuwa na moto, na harufu ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na maharagwe ilikuwa inatoka pembeni.